Mkulima, Usikose Baraza la Mwaka

Mkulima, wewe wajua vema siku ya kupanda. Mawingu ya mwezi wa Oktoba yakianza kukusanyika upande wa Mlima Kenya, hungoji mtu akwambie. Mbegu umekwisha kuziweka tayari, jembe limekwisha kunolewa, na vibarua umekwisha kuwapa habari. Apandaye majuma matatu nyuma ya wenziwe huvuna mabua, wala hana wa kumlaumu.

Basi iko siku nyingine ya kupanda, ambayo wakulima wengi huiacha ipite. Nayo ni siku ya baraza, watu wa mji mdogo na wa mashamba yanayouzunguka waitwapo kushauriana juu ya fedha za mwaka ujao: barabara ipi itengenezwe, bomba lipi liongezwe, soko lipate choo au paa, zahanati ipate nini. Mbegu za siku hiyo ni maneno, na mavuno yake huonekana baada ya mwaka mmoja au miwili. Asiyekuwapo na lake halipo.

Makala haya yameandikwa kwa ajili yako wewe wa Mitunguu, na wewe wa skimu nyingine yoyote ya Meru na Embu. Yasome polepole, kisha umpe jirani naye asome.

KWA NINI JAMBO HILI LAMHUSU MTU WA SKIMU

Katika vijiji vya zamani vya Meru, watu wa ukoo mmoja walikaa pamoja kwenye kilima kimoja. Likitokea neno, wazee walikutana wakalimaliza, na neno kubwa lilipelekwa mbele ya Njuri Ncheke. Kila mtu alijua aende kwa nani.

Lakini skimu si kijiji cha ukoo. Jirani yako wa kushoto huenda ametoka Nkuene, wa kulia ametoka Igoji, na wa ng'ambo ya mfereji ametoka Tharaka. Hamkuunganishwa na babu mmoja. Mmeunganishwa na bomba moja, barabara moja na soko moja. Mambo hayo matatu yakiharibika, hakuna mzee wa ukoo wa kuyatengeneza. Ndiyo maana baraza, kwa mtu wa skimu, limekuwa mahali pa ukoo.

Tazama Mitunguu yenyewe. Nchi hii iko chini, ina joto, na mvua zake si za kutegemewa kama zile za huko juu Nkubu. Maji ndiyo yaliyoigeuza. Katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Ujerumani, ulijengwa mradi wa kunyunyizia mashamba madogo kwa mabomba, maji yakishuka yenyewe kwa mteremko bila mashine ya kuyasukuma. Mahali palipokuwa pakavu pakaota migomba, na leo ndizi za Mitunguu zajulikana sokoni Nairobi.

Sasa fikiri juu ya ndizi. Si kama mahindi, ambayo ukikosa mnunuzi leo wayaweka ghalani ukamngoja wa kesho. Mkungu ukikatwa, siku zake zimeanza kuhesabiwa. Lori likikwama kwenye tope kabla ya kufika barabara kuu, bei hushuka hapo hapo shambani. Mnunuzi hatasema, "Pole, mzee, nitakulipa bei ya jana." Atasema, "Barabara yenu mbaya," naye atakata. Kwa hiyo kilomita mbili za njia mbovu zaweza kukupunguzia fedha nyingi kuliko mdudu, nawe huwezi kuzipulizia dawa. Dawa yake iko barazani.

TULIKOTOKA

Yafaa tukumbuke njia tuliyopita, maana mtu asiyejua alikotoka hudanganywa upesi.

Wakati wa utawala wa Waingereza, kuanzia miaka ya 1924 na 1925, yaliwekwa Mabaraza ya Wenyeji katika wilaya. Mwenyekiti wake alikuwa Bwana Mkubwa wa Wilaya mwenyewe, basi wewe waweza kukisia shauri la nani lilishinda. Mwaka wa 1950 mabaraza hayo yakageuzwa kuwa Halmashauri za Wilaya za Waafrika. Mwaka wa 1963, nchi ilipopata uhuru, zikaja halmashauri za kaunti, nazo zilipewa kazi kubwa: shule za msingi, afya na barabara.

Lakini kazi bila fedha ni mzigo tu. Halmashauri nyingi zilishindwa, na kuanzia mwaka wa 1970 Serikali Kuu ikazichukua kazi hizo tatu. Halmashauri zikabaki na soko, leseni na ushuru. Wazee wengi wakumbuka miaka ile: karani wa ushuru alionekana kila siku ya soko, lakini greda halikuonekana.

Mwaka wa 1998 Bunge lilitunga sheria ya kuzipa halmashauri fungu la asilimia 5 ya kodi ya mapato. Hatua ilikuwa njema, ila fungu lilikuwa dogo. Mwishowe ikaja Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010, na baada ya uchaguzi wa Machi 2013 halmashauri zote 175 za zamani zikaondoka, mahali pake pakasimama serikali za kaunti 47. Katiba yasema kwamba fungu la kaunti zote lisipungue asilimia 15 ya mapato ya taifa. Meru ina wadi 45, na Mitunguu ni mojawapo ya wadi 6 za Imenti Kusini.

Basi tofauti ya zamani na sasa ni hii. Zamani baraza liliitwa ili watu waambiwe. Sasa sheria yataka baraza liitwe ili watu waulizwe. Kama watu hawaji, au wakija hawasemi, tumerudi mwaka wa 1925 kwa miguu yetu wenyewe.

MLANGO WA KUBISHA

Jambo moja huharibu mabaraza mengi, nalo ni kubisha mlango usio wake. Mkulima asimama, ataja upungufu wa walimu wa shule ya msingi, aketi amechoka. Neno lake ni la kweli, lakini afisa aliye mbele yake hana uwezo nalo. Kwa hiyo jifunze mgawanyo huu.

Kazi za kaunti ni kama hizi: kilimo na mifugo, magonjwa ya mimea na ya wanyama, zahanati na hospitali za kaunti, barabara za kaunti, masoko, maji ya nyumbani, shule za watoto wadogo wa chekechea, na vyuo vya ufundi vya vijijini. Mambo haya mpelekee msimamizi wa wadi, ambaye ni mtumishi wa kaunti, na mwakilishi wadi wako, uliyemchagua kwa kura.

Kazi za Serikali Kuu ni kama hizi: shule za msingi na za sekondari, polisi, na barabara kuu za taifa. Chifu na naibu wake ni watumishi wa Serikali Kuu. Chifu aweza kukuitia baraza na kuhifadhi amani, lakini hagawi fedha za kaunti.

Maji ya skimu yana mlango wake tena. Ruhusa ya kuchota maji mtoni hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na Sheria ya Maji ya mwaka wa 2016 imevipa nafasi vyama vya watumiaji maji. Mito ya upande huu, kama Thingithu na Mutonga, hushuka kutoka Mlima Kenya hadi Tana, na watu hunywa njia nzima. Aliye juu akifungua sana, aliye chini hupata kokoto. Shauri la zamu lina mkutano wake wa chama. Lakini kama wataka kaunti itie fedha katika tangi au bomba, hilo lilete katika baraza la bajeti.

KALENDA YA FEDHA

Kaunti ina majira yake kama shamba. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Ukitaka kupanda katika shamba hilo, shika tarehe hizi:

Tarehe 1 Septemba: mpango wa maendeleo wa mwaka ujao huwa umefikishwa katika Bunge la Kaunti. Mradi wako usipotajwa hapa, utapata taabu kuuingiza baadaye.

Tarehe 28 Februari: karatasi ya mkakati wa fedha hupelekwa Bungeni. Hapa ndipo hukatwa mafungu: kilimo kiasi gani, barabara kiasi gani, afya kiasi gani. Sheria yasema maoni ya watu yaangaliwe.

Tarehe 30 Aprili: makadirio ya matumizi hufikishwa Bungeni, mradi kwa mradi.

Tarehe 30 Juni: makadirio yawe yamekwisha kupitishwa.

Baada ya hapo hufuata mswada wa fedha, ambao hutaja ada na ushuru utakaolipa wewe: ushuru wa soko, wa mazao, na leseni ya duka.

Wakulima wengi huja mwezi wa Mei wakitaka barabara. Hao ni kama mtu apandaye mahindi mvua zikiwa zimekatika. Mradi mkubwa wapasa kutajwa kabla ya Septemba, na kukumbushwa Februari.

Kumbuka pia kwamba sheria ya fedha za umma ya mwaka wa 2012 yataka, kwa hesabu ya miaka kadhaa, shilingi zisizopungua 30 katika kila 100 za kaunti ziende katika maendeleo. Kwa hiyo ukiuliza barazani, "Mwaka huu ni ngapi katika mia?", huulizi kwa ujeuri. Waulizia sheria.

HABARI YA KIAMBU

Labda wasema moyoni, "Maneno ya mtu wa jembe yatafanya nini?" Basi sikia habari hii.

Mwaka wa 2013 Kaunti ya Kiambu ilitunga sheria ya fedha yenye ada na ushuru mpya. Wakaazi kadhaa wakaenda Mahakama Kuu wakalalamika kwamba watu hawakushirikishwa ipasavyo. Mwezi wa Aprili 2014 Jaji George Odunga alikata shauri kwamba sheria hiyo haikufuata Katiba, akaibatilisha. Alieleza kwamba kuwashirikisha watu si kutimiza desturi tu, bali wapasa kupewa nafasi ya kweli, na habari zipelekwe mahali watu walipo, kama makanisani, misikitini, katika mabaraza na kwa redio za lugha za nyumbani.

Angalia basi. Sheria iliyokwisha kupitishwa ilianguka kwa sababu watu hawakuulizwa vema. Kwa hiyo baraza si fadhila ya mtu mkubwa kwa mtu mdogo. Ni sehemu ya kutunga sheria, kama vile maji yalivyo sehemu ya kupika ugali.

JINSI YA KUSEMA BARAZANI

Mimi kazi yangu ni ukarani katika ofisi ya kilimo, na kabla ya hapo nilifundishwa ualimu. Kwa hiyo niruhusuni niliweke jambo hili kama somo.

Kwanza, kutaneni kabla ya siku. Wenye mashamba ya mstari mmoja wa bomba, au wa njia moja, na wakae chini ya mwembe jioni moja, wapatane juu ya jambo moja au mawili. Watu 30 wakisema mambo 30, karani wa baraza ataandika, "Wananchi walitoa maoni mbalimbali," na habari itaishia hapo. Watu 30 wakisema jambo moja, hana njia ila kuliandika.

Pili, leteni hesabu, msilete kilio. Tuseme mzee mmoja asimama na kusema, "Barabara yetu ni mbaya sana, tumeteseka, serikali itukumbuke." Watu watapiga makofi, naye ataketi. Sasa tuseme mama mmoja asimama na kusema hivi: "Bwana mwenyekiti, njia yetu kutoka sokoni hadi mtoni ina mashamba 62. Mwaka jana lori lilishindwa kuingia siku 19, nazo ni hizi katika daftari. Pabaya ni pawili tu, pale mto mdogo unapovuka. Hatuombi njia nzima. Twaomba mabomba ya kupitisha maji chini ya njia mahali pawili, na kifusi." Wa pili amempa mhandisi kazi ya kufanya. Wa kwanza amempa huruma tu, na huruma haina fungu katika bajeti.

Mama huyo ni wa mfano, lakini daftari lake si la mfano. Kila kikundi chaweza kuwa nalo. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tatu, ulizeni habari za mwaka uliopita kabla ya kuomba za mwaka ujao. Mlango wa kwanza wa baraza uwe huu: "Mwaka jana tuliahidiwa nini, kimefanywa kipi, kimegharimu kiasi gani?" Mkaguzi Mkuu wa Hesabu apaswa kutoa taarifa yake juu ya kila kaunti katika miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kwisha, na Msimamizi wa Bajeti hutoa taarifa zake mara nne kwa mwaka. Vijana wenye simu waweza kuzitafuta na kuwasomea wazee.

Nne, hakikisheni jina limeandikwa na neno limeandikwa. Mwombe karani asome aliyoyaandika kabla ya watu kutawanyika. Si kumshuku. Hata sisi makarani huchoka saa nane mchana, na jua la Mitunguu mwalijua.

Tano, msipojibiwa, andikeni. Sheria ya serikali za kaunti yampa kila mwananchi haki ya kupeleka ombi lake kwa maandishi, nayo kaunti yapasa kujibu. Na kwa Sheria ya Kupata Habari ya mwaka wa 2016, afisa aliyeombwa habari apaswa kutoa uamuzi wake katika siku 21. Weka nakala ya barua, yenye tarehe na muhuri.

WANAWAKE NA VIJANA

Zamani wanawake na vijana hawakukaa katika baraza la wazee. Mila ilikuwa na sababu zake kwa wakati wake. Lakini sasa tujiulize: ni nani ajuaye umbali wa bomba la maji ya kunywa? Ni nani aliyesimama foleni zahanati na mtoto mgongoni? Ni nani apelekaye ndizi kwa pikipiki alfajiri akaijua kila shimo la njia? Ukimwacha mjuzi nyumbani, baraza litakata shauri kwa kubahatisha.

Katiba yasema kwamba katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa, watu wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili. Lakini kuhesabiwa si kusikilizwa. Mzee, ukiwa mwenyekiti, waite akina mama waseme mapema, si saa ambapo mvua imekwisha kuanza kunyesha na watu wameshika makoti. Mume na mke wasibishane nani aende na nani abaki na ng'ombe. Waende kwa zamu, mwaka huu huyu, mwaka ujao yule.

WENGINE WAFANYAVYO

Sisi si peke yetu. Jirani zetu wa Tanzania wana Mkutano Mkuu wa Kijiji chini ya sheria ya mwaka wa 1982. Kila mkaazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wake, na mkutano ndio unaochagua halmashauri ya kijiji, yenye watu 15 hadi 25, na kuipokea taarifa yake.

Ng'ambo ya bahari, katika jimbo la Vermont la Marekani, miji midogo ya wakulima ina desturi ya kukutana Jumanne ya kwanza ya mwezi wa Machi. Katika miji mingi hukaa ukumbini, wakashika karatasi ya bajeti, wakabishana hata juu ya bei ya greda, kisha wakapiga kura wao wenyewe. Huko barafu huwa bado iko njiani, lakini watu huja.

Kwetu baraza halipigi kura ya bajeti. Kura hiyo ni ya Bunge la Kaunti. Tulicho nacho ni haki ya kuulizwa na haki ya kujibiwa. Iko pia Sheria ya Miji na Majiji ya mwaka wa 2011, iliyorekebishwa mwaka wa 2019, ambayo yahesabu mji kuanzia watu 10,000 na kituo cha soko kuanzia watu 2,000, nayo imewapa wakaazi wa miji jukwaa lao la kushauriana juu ya huduma, mipango na bajeti. Mji unavyokua, ndivyo mkulima aliye pembeni yake apasavyo kuangalia: taka zitatupwa wapi, maji machafu yatateremka kwa nani, na soko litahamishiwa wapi. Mji ni wa wenye maduka, lakini shibe yake yatoka shambani.

USHURU

Neno la mwisho ni la mfukoni. Katiba yasema hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa ila kwa sheria. Kwa hiyo mtu akikuzuia njiani na mikungu yako, muulize kwa adabu: ni ushuru gani, wa sheria ipi, na stakabadhi iko wapi? Ukilipa, ichukue stakabadhi uitunze. Kisha katika baraza la mwaka ulizeni jumla: soko letu lilitoa kiasi gani, na kilirudi kiasi gani? Vilevile tuwe wa haki. Atakaye greda na asilipe ushuru ni kama atakaye maziwa na ng'ombe hajampa majani.

Twajua yako mabaraza yaitwayo kwa haraka, siku mbili tu kabla, na karatasi imekwisha kupigwa chapa. Twajua wako waendao kwa sababu ya soda na nauli, na wako wazungumzao saa nzima bila neno. Hayo yasikukimbize. Shamba lenye magugu haliachwi, hupaliliwa. Baraza walilokuja watu 20 laweza kubebwa mfukoni na mtu mmoja mwerevu. Baraza walilokuja watu 300 wenye daftari halibebeki.

Basi, mkulima, muulize leo msimamizi wa wadi yako tarehe ya baraza lijalo. Iandike ukutani karibu na tarehe ya zamu yako ya maji. Siku ikifika, funga bomba, vaa viatu, mchukue jirani, mwende.